Mashine Haina Mtani

Kitanda kilikataa.

Maduhu Lushinge alikuwa amelala juu yake na viatu vyake vya kuchimbia miguuni, jicho moja limefumba, la pili liko wazi linaangalia dari, na mdomo umekwenda upande. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Kisha nikakipiga kitanda teke. Vitanda vyetu ni mashine za maana, vinapasua fuvu na kulishona bila mkono wa mtu yeyote, lakini uzoefu umenifundisha kwamba teke nalo lina mchango wake. Safari hii halikusaidia kitu.

"Mgonjwa ana kauli," kitanda kikasema, kwa ile sauti yake ya mwalimu wa chekechea. "Mgonjwa amekataa tiba. Kauli imesemwa mara tatu na imefungwa. Pole, Dokta Tusajigwe."

"Kauli gani?" Kondo akauliza.

Kondo ndiye aliyemleta. Alikuwa amembeba mgongoni kutoka kwenye njia mpya wanayoichimba humu chini ya ardhi, mashariki ya mji, Mzaramo mwembamba chini ya Msukuma mzima mzima, na bado alikuwa anahema. Wawili hao walikuwa wamezeeka wakichimba pamoja. Mwabusalu nzima iliwajua kwa matusi yao. Asubuhi hawakuamkiana, walitukanana, na siku mmoja asipomtukana mwenzake watu waliuliza kama anaumwa.

"Amekataa tiba huyu?" Kondo alisema. "Huyu ambaye akichomwa na mwiba anataka kulazwa?"

Picha ya kichwa ilikuwa imekwisha kutokea ukutani. Mshipa umepasuka, damu inajikusanya ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Kuitoa ilikuwa kazi ndogo kwa kitanda. Kwangu haikuwezekana, kwa sababu sisi madaktari wa siku hizi tumefundishwa kusimamia vitanda, si kushika visu, na jambo hilo linanitia uchungu mpaka leo. Bila kitanda Maduhu asingeiona jioni.

"Kitanda," nikasema, "tusikilizishe hiyo kauli."

Wodi ikajaa sauti za watu. Wanawake wanalia, majembe yanagonga mawe, mtu anakohoa. Halafu ikaja sauti ya Maduhu, nzito, ina mwangwi, kama anayeongea kutoka ndani ya shimo.

"Sitoki! Nizikeni mimi! Na siku nyingine nikianguka msiniinue! Msiniitie daktari, niacheni nife! Mnasikia? Msiniitie daktari, niacheni nife! We Mzaramo, umesikia? Msiniitie daktari, niacheni nife!"

Baada ya hapo kikasikika kicheko. Kilianza cha mtu mmoja, kikavuta cha wengine, na yule wa kwanza akaendelea kucheka mpaka kicheko kikageuka kuwa kilio.

Kondo akakaa chini, sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

"Huyo anayecheka ni mimi," alisema. "Dokta, hapo tulikuwa tunamzika mke wangu."

*

Kila mtu Mwabusalu huvaa shahidi shingoni. Ni kidude cheusi, ukubwa wa mbegu ya ukwaju, na kazi yake ni kusikia. Mengi kinayoyasikia kinayaacha yapite. Lakini ukitamka neno linalogusa mwili wako, mali yako au wanao, kinawaka kijani, na neno hilo linahesabiwa. Ukilirudia mara ya tatu linafungwa. Likishafungwa, halifunguliwi na mwanao wala jaji. Unalifungua wewe mwenyewe, kwa sauti yako, ukiwa na akili timamu, mbele ya shahidi wa nyama na damu aliyeapishwa. Hospitalini, shahidi huyo ni daktari.

Msije mkadhani sheria hii ilitungwa na wendawazimu. Baba yangu alifia Tukuyu akiwa bubu, koo limeliwa na uvimbe. Alikuwa amekwisha kupoteza sauti pale sauti yake ilipoipigia simu hospitali, ikaomba mashine izimwe, ikakohoa kikohozi chake kilekile cha mwisho wa sentensi. Wakaizima. Hatukumjua aliyeitengeneza sauti ile, ingawa shamba la chai tunajua lilikwenda kwa nani. Familia ngapi zilipitia hayo katika miaka ile ya sauti bandia, nani atazihesabu? Kwa hiyo Sheria ya Kauli ilipoletwa niliiunga mkono kwa mikono miwili, na hata siku ile ninayoisimulia nilikuwa naipenda.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele yake na mtu anakufa.

"Alikuwa amelala ndani ya kaburi la Sikudhani," Kondo alinieleza, macho yake hayabanduki kwa rafiki yake. "Mimi nilikuwa sijalia. Tangu mke wangu afariki sikulia, sikula, nilikuwa nimekaa tu kama gogo. Ndugu wakaanza kuogopa. Tulipofika makaburini, huyu akatutangulia, akajitosa shimoni, akajinyoosha chali. Akasema hatoki mpaka alipwe kuku. Akasema, we Mzaramo huna haya, mke mzuri hivi unampeleka peke yake, nani atamchotea maji huko? Mzike na mimi nikamchotee. Ndipo akaanza hayo ya daktari. Nikacheka, dokta. Nilicheka nikaanguka, nikainuka ninalia. Asingefanya vile na mimi ningekwenda."

Hakuhitaji kunifafanulia zaidi. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa asiyokuwa nayo ndugu wa damu. Anaweza kulizuia jeneza lisipite, anaweza kumwigiza marehemu mbele ya mjane, na hakuna wa kumkasirikia. Amri zote za msiba zinamfunga kila mtu isipokuwa yeye. Wahenga waliona mbali. Walijua huzuni ikifungwa kila mlango itamuua mtu, wakaacha mmoja wazi.

"Kitanda," nikasema, "hayo maneno yalikuwa utani."

"Utani si aina ya kauli, dokta. Aina za kauli ni ridhaa, katazo, wosia na utenguzi."

"Ni utani, we bati!" Kondo alifoka. "Utani! Mwulize Msukuma yeyote!"

"Msemaji alikuwa na akili timamu. Hakuwa amelewa. Hakulazimishwa. Alirudia mara tatu. Pole sana."

Kondo alinigeukia, na uso wake ulikuwa umenywea. "Mashine haina mtani," alisema. "Haina hata msiba. Itajuaje?"

*

Niliwapigia Ofisi ya Kauli. Dada aliyepokea alikuwa na adabu zake, akanipa pole kabla sijamaliza kueleza. Akasema maombi ya dharura yanasikilizwa na jopo, na jopo litakaa kesho. Nikamwambia kesho atakuwa maiti.

"Dokta, naelewa. Lakini unajua mwenyewe sheria ni msumeno."

"Najua ni msumeno. Umeushika wewe upande wa mpini."

Akasema tena pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Nikamwuliza kuhusu daktari wa Isagenhe, mji wa jirani, kama angeweza kutoa ushahidi kwa simu. Swali la kijinga, nilijua jibu. Ushahidi wa simu ndio uliomuua baba yangu. Sheria iliupiga marufuku kabla ya kitu kingine chochote. Na Isagenhe hakuna anayetoka mchana. Ilikuwa saa ile ambayo huko juu ya ardhi jua linaua, ndege hawaruki, na lango la mji hufungwa mpaka jua litue.

Njia ilibaki moja, nami niliijua tangu mwanzo. Katika makelele yote yale nilikuwa naikwepa.

Daktari akisema mbele ya shahidi wake, "Mgonjwa ametengua kauli, nami nimemsikia," kitanda kinamwamini papo hapo, maana katika dharura hakuna muda wa kupekua. Upekuzi huja baadaye kidogo. Shahidi wa daktari analinganishwa na shahidi wa mgonjwa, na uongo unaonekana. Lakini kitanda kikishafungua fuvu hakiachi kazi katikati. Uongo wangu ungedumu muda mfupi tu, na muda huo ungetosha.

Adhabu yake niliijua pia. Shahidi wangu angezimwa, na neno langu lisingehesabiwa tena popote. Nisingeweza kutibu, kuuza, kuoa wala kuolewa. Hilo silisemi ili nionekane shujaa. Nilikuwa mjane, nimechoka, na kijijini kwetu viazi vinalimwa bila kauli.

Kilichonizuia kilikuwa nyuma ya pazia.

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha pili, alikuwa Mayu Limi. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na wodi nzima tulimwita hivyo. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa yake. Kitanda chake kingeweza kumweka hai, hilo sibishi. Vitanda vinajua kumweka mtu mwezi, miezi, mpaka kitakachobaki hakina jina. Yeye hakutaka. Alikuwa ameniita, akanishika mkono, akasema mara tatu bila kupepesa kwamba asiwekewe mashine, apewe dawa ya maumivu tu, na apelekwe juu, kwenye boma lake la zamani, afie nje penye hewa, kando ya makaburi ya Kulwa na Doto. Wanawe hao pacha walikufa mwaka wa joto lile kubwa, kabla mji haujahamia chini. Mwanawe Shija, aliyewafuata pacha, angekuja na machela jioni hiyohiyo jua likitua.

Jioni hiyohiyo. Nami ndiye niliyekuwa shahidi wa kauli yake.

Shahidi akizimwa kwa uongo, kila kauli iliyosimama juu yake inaanguka. Ndivyo ilivyo, na ni haki iwe hivyo. Ndiyo maana nilikuwa nimemwulizia daktari wa Isagenhe, awe shahidi wake badala yangu. Na asiye na kauli anatibiwa. Kitanda cha Mayu Limi kingeamka na kumfunika. Kingemtia dawa za usingizi, na aliyetiwa dawa za usingizi hana akili timamu, hivyo hawezi kutoa kauli mpya hata aletewe madaktari kumi. Nilifikiria kumshusha chini. Lakini dawa ya maumivu ilitoka kitandani, na mara ya mwisho nilipomtoa nimwogeshe kilio chake kiliniliza na mimi. Na langoni asingepita. Ruhusa yake ya kutoka ilikuwa ni kauli ileile.

Nimesoma vitabu vinavyosema sheria huvunjwa pale inapogeuka kumla yule iliyetungwa kumlinda. Sawa. Kwenye kitanda cha kwanza ilikuwa inamla Maduhu. Kwenye kitanda cha pili, hatua chache kutoka hapo, sheria ileile ilikuwa inamlinda bibi kizee dhidi ya mashine na dhidi yetu sisi, kama ilivyotakiwa kumlinda baba yangu. Vitabu havikuniambia nifanye nini hapo.

*

Nilifungua pazia. Alikuwa macho.

"Nimesikia yote," Mayu Limi alisema. "Pazia si ukuta."

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni mtu mzima, mayu. Anaitwa Maduhu. Baba yake ni Lushinge."

"Lushinge mpiga ngoma? Aliyekuwa na mguu mfupi?"

"Sijui, mayu. Labda."

Alifikiri. Alikuwa amekonda kiasi kwamba hata kufikiri kulionekana kumchosha. Nikavuta kigoda nikakaa, nikaushika mkono wake, nikatafuta maneno. Nilitaka kumwambia kila kitu, halafu nimwombe. Nilikuwa na hakika kwamba kuomba ndiyo heshima.

"Mayu," nikaanza, "kuna jambo..."

"Usiniulize, mwanangu."

"Hujui nataka kuuliza nini."

"Najua. Nina kansa ya mifupa, masikio yangu mazima." Alinibana kidole. "Ukiniuliza nitakubali. Mimi ni mtu mzima, na mtoto wa mwenzangu anakufa hapo. Nitasemaje hapana? Nitakubali. Na sitaki kukubali. Nataka kwenda nyumbani."

Nikauinamia mkono wake.

"Nimengoja sana," alisema. "Shija amefagia. Aliniambia amefagia mpaka chini ya mkokoteni wa ng'ombe. Nataka kusikia upepo. Kwa hiyo usiniulize."

"Sitakuuliza, mayu."

"Basi," alisema, akageuza uso upande wa pili.

Hilo neno nimelifikiria kuliko maneno yote niliyowahi kuambiwa. Basi, usifanye? Basi, fanya, ila usinihusishe? Basi, ondoka nilale? Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi sitauliza. Nikafunga pazia.

Kondo alikuwa amepiga magoti kando ya Maduhu. Alikuwa anamtukana kwa sauti ya chini, mfululizo, kama mtu anayesali. "We Msukuma, we mla ugali, unakufa kabla ya mimi ili iweje? Nani kakuruhusu? Amka, mjinga wewe. Amka utengue." Kifua cha Maduhu kilipanda kwa shida. Ukutani, kivuli cha damu kilikuwa kimeongezeka.

"Dokta," Kondo alisema. "Hamna kabisa?"

Hakujua habari ya kitanda cha pili, nami sikumwambia. Ningemwambia angelazimika kuchagua na yeye, na mmoja alitosha.

Sitadai kwamba nilipima mizani ikalala upande mmoja. Haikulala. Maduhu alikuwa anakufa kwa sababu ya tendo la upendo lililofanywa kaburini, na jambo hilo lilinikera, likanichoma, sikuweza kulistahimili. Mayu Limi alikuwa anakwenda kunyang'anywa kifo chake, na hilo pia sikuweza kulistahimili. Lakini la Maduhu lilikuwa mbele ya macho yangu, na la Mayu lilikuwa nyuma ya pazia. Huenda tofauti ilikuwa hiyo tu.

Nikashika shahidi wangu shingoni.

"Maduhu Lushinge ametengua kauli yake, nami nimemsikia."

Kijani.

"Maduhu Lushinge ametengua kauli yake, nami nimemsikia."

Kondo aliinua kichwa, akaniangalia mimi, akamwangalia rafiki yake ambaye hakuwa ametikisa hata ulimi.

"Maduhu Lushinge ametengua kauli yake, nami nimemsikia."

"Asante, dokta," kitanda kikasema, na kifuniko chake kikashuka juu ya Maduhu, kikaanza kazi.

Kondo aliniangukia miguuni. Nikamwambia ainuke, kwa ukali ambao hakustahili. Nikasimama katikati ya wodi, macho ukutani, nikaona fuvu linafunguka, damu inanyonywa, ubongo unarudi mahali pake taratibu. Kazi safi. Nilikuwa nimeanza kutumaini, kwa ujinga ule wa mtu aliyekwisha kutenda, kwamba huenda upekuzi utachelewa mpaka jioni, Shija atawahi, lango litafunguka. Shahidi wangu akapata joto, kisha akapoa. Nilipomtazama alikuwa amezimika.

Nyuma ya pazia, sauti ya mwalimu wa chekechea ikasema, "Karibu, Limi. Usiogope. Tutakutibu."

Nilikimbia. Kifuniko kilikuwa kimekwisha kumfika kifuani. Nikauwahi mkono wake, nikaushika mpaka kilipobaki kijinafasi cha kutosha vidole, na hapo ikabidi niuachie. Hakupiga kelele. Aliniangalia kwa macho ambayo tayari yalikuwa yanazidiwa na usingizi, akauliza kama jua limeshatua. Nikamwambia bado.

*

Shija alikuja na machela begani na kanga mpya mbili zimekunjwa kwapani. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, ameoga na kuchana nywele kama anayekwenda posa. Vijana wa kubeba alikuwa amewaacha langoni.

"Mwadila, dokta," alinisalimu. "Huko juu leo kuna upepo mzuri. Nimemtandikia uani. Anaweza kuziona nyota hata bila kuinua kichwa."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kuzungusha maneno, kwa sababu niliona nikianza kuzungusha sitamaliza. Alisikiliza huku bado ameshika machela. Nilipomaliza alikwenda kufungua pazia, akakiona kitanda kilichofunga, na uso wa mama yake kupitia kioo cha kifuniko.

"Nani amefanya?" alisema, kana kwamba sikuwa nimemwambia.

"Mimi."

"Mama yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Si afadhali ungemwuliza?"

"Alinikataza."

"Alisemaje?"

Nikamrudishia maneno ya mama yake, yote, kama yalivyotoka. Aliposikia kwamba mama yake asingeweza kusema hapana, Shija aliiweka machela chini. Aliiweka polepole sana, akainyoosha pembe, kama kuna mtu juu yake.

Wakati huohuo, upande wa pili wa wodi, kifuniko cha Maduhu kilifunguka. Tulisikia akikohoa. Tulisikia ulimi mzito unajaribu neno, unalikosa, unajaribu tena.

"Mza... Mzaramo. Hujafa tu?"

Kondo akacheka. Kicheko kikubwa, cha mtu aliyerudishiwa roho yake, kikajaa wodi, kikapita juu ya pazia, kikatufikia pale tulipo. "Nife nikuachie nani, we mshamba!" alipiga kelele. "Nife nikuachie nani!" Na Maduhu naye akacheka, kwa nusu ya mdomo.

Shija alisikiliza mpaka kicheko kikaisha.

"Ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Badala yake akavuta kigoda kilekile nilichokikalia mchana, akakaa karibu na kichwa cha mama yake, akaweka kiganja juu ya kioo. Nilimwambia nisamehe. Hakukitoa kiganja pale, na sikuona sababu ya yeye kunigeukia.

Ndani ya kifuniko Mayu Limi alifumbua macho. Kulikuwa na ufa mwembamba pembeni, wa kupitishia hewa, na sauti yake ilitokea hapo, ndogo, imelewa dawa.

"Shija?"

"Naam, mayu."

"Tumefika?"

Shija alinitazama. Nilitazama chini.

"Tumefika, mayu," alisema. Shahidi wake akawaka kijani shingoni. Kumwambia mgonjwa mwili wake uko wapi ni kauli. Sheria imeandika hivyo, kwa sababu zilizokuwa nzuri siku ilipoandikwa.

"Kulwa na Doto?"

"Wapo hapa. Ubavuni kwako."

Akafumba macho. Akatulia. Dawa ikamchukua, ikamrudisha, na aliporudi hakukumbuka.

"Shija? Tumefika?"

"Tumefika, mayu."

Kijani tena. Nikamwinamia, nikamnong'oneza sikioni. "Shija, ya tatu itafungwa. Wakipekua, na wewe neno lako litakufa kama langu. Una watoto. Una nyumba. Usijibu tena, nyamaza tu, atalala."

Alitikisa kichwa kuonyesha amenisikia.

Mama yake akafumbua macho. Safari hii aliyazungusha, akatafuta kitu juu yake, akakunja uso.

"Mbona hakuna upepo?" aliuliza. "Shija. Tumefika kweli?"

"Tumefika, mayu," Shija alisema. "Umetulia kidogo. Unakuja sasa hivi."

Akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye ule ufa, akapuliza. Nywele nyeupe kwenye paji la uso wa mama yake zikatikisika. Akavuta pumzi, akapuliza tena.